Mshipa Mkuu Umetanuka: Tukae au Tutembee?

Katika ukurasa wetu wa sayansi na afya, safari hii nimeomba nafasi nizungumzie jambo ambalo ukilitazama juu juu ni la madaktari, lakini ukilifungua ndani unakuta ni la wahandisi vilevile: kutanuka kwa mshipa mkuu wa damu, ambao huitwa aota. Hali hiyo ya kutanuka kitaalamu huitwa anyurizimu.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nasoma uhandisi wa mitambo, na kazi yangu ya kila siku ni mabomba na matangi yanayobeba shinikizo. Kwa hiyo somo hili linaeleza jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi. Halichukui nafasi ya maneno ya daktari anayekujua wewe na mshipa wako.

Kwa nini tulizungumze katika jarida la wanafunzi? Kwa sababu wengi wetu tuna wazazi, wajomba na baba wadogo waliozeekea huku Uingereza. Mwanamume akifikia mwaka wa kutimiza miaka 65 hupokea barua ya NHS ya kumwita akapimwe. Wengi hurudi na habari njema. Wachache hurudi na karatasi yenye namba, tuseme sentimita 3.8, na maelezo kwamba watafuatiliwa. Hakuna upasuaji, hakuna kidonge cha kuurudisha mshipa ulivyokuwa. Ni kupimwa tena baada ya muda, basi. Hapo ndipo nyumba nzima hubadilika. Mzee anaambiwa asiinue hata birika la chai. Sasa swali: katikati ya kipimo na kipimo, huyu mtu akae au atembee?

Jibu nalitoa hapa mwanzoni ili hata asiyemaliza kusoma aondoke nalo: kwa watu walio wengi, atembee. Kinachouumiza ukuta wa mshipa ni shinikizo, si mwendo. Na mwendo wa kadiri, ukizoeleka, hushusha shinikizo. Hebu tuone kwa nini.

1. AOTA NI NINI, NA HUTANUKAJE?

Aota ndiyo bomba kuu la mwili. Huanzia kwenye moyo, hupanda kidogo kifuani, hupinda kama kichwa cha bakora, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo mpaka karibu na kitovu. Hapo hugawanyika matawi mawili ya kwenda miguuni.

Tumboni, aota ya mtu mzima ina kipenyo cha kama sentimita 2. Ikifika sentimita 3 au zaidi, hiyo ndiyo anyurizimu. Kifuani aota ni pana zaidi kiasili, kwa hiyo viwango vyake ni vingine. Usichukue namba ya tumboni ukaihamishia kifuani.

Sote tuliokua na baiskeli tumewahi kuona tyubu iliyochoka. Unapiga pampu, sehemu moja inatoa kitundu cha upole, inavimba kama kitumbua, na kadiri unavyozidi kupiga pampu ndipo sehemu hiyo hiyo inavyozidi kutoka. Kwingine kote tyubu iko sawa. Aota nayo ndivyo inavyofanya: ukuta wake umepoteza nguvu mahali pamoja, na shinikizo la damu linapasukuma nje kidogo kidogo kwa miaka.

Wanaopatwa zaidi na anyurizimu ya tumboni ni wanaume wenye umri mkubwa, wavutaji sigara na waliowahi kuvuta, wenye presha ya kupanda, na wenye ndugu wa damu waliopatwa nayo. Sigara ndiyo adui mkubwa kuliko wote tunaoweza kupambana nao. Na ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Mara nyingi haumi, hauwashi, hauna dalili. Ndiyo maana watu hupimwa wakiwa wazima.

Kipimo chenyewe ni altrasaundi, ile ile inayotumika kuangalia mtoto tumboni mwa mama. Unalala chali, unapakwa jeli ya baridi, dakika chache umemaliza.

2. HESABU YA FUNDI BOMBA

Sasa tuingie darasani kwangu. Msiogope, hesabu ni ya kidato cha pili.

Bomba lolote lenye shinikizo ndani hujaribu kupasuka. Ukuta wake unavutwa kwa kuzunguka, kama mkanda uliobana tumbo lililoshiba. Nguvu hiyo inayouvuta ukuta tunaiita mkazo, na kwa bomba lenye ukuta mwembamba tunaipata hivi: shinikizo, zidisha kwa nusu ya kipenyo, gawanya kwa unene wa ukuta. Kanuni hii huhusishwa na jina la Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa wa mwanzoni mwa karne ya 19, na mpaka leo matangi ya gesi hukadiriwa kwa msingi huo huo.

Tazama inavyosema. Chukua aota ya sentimita 2 na nyingine ya sentimita 5, presha ni ile ile na ukuta una unene ule ule. Mkazo kwenye ile ya pili ni mara mbili na nusu. Yaani bomba likishatanuka linajiongezea mzigo lenyewe, na mzigo ukiongezeka linazidi kutanuka. Isitoshe ukuta hudhoofika unapotanuka, basi hali huwa nzito zaidi.

Sasa weka presha. Mtu huyo mwenye aota ya sentimita 5, presha ikipanda kutoka 120 kwenda 180, mkazo unapanda tena mara moja na nusu. Zidisha: mara mbili na nusu kwa moja na nusu, unapata mara 3.75 ya mtu mwenye aota ya kawaida na presha ya kawaida.

Katika kanuni hiyo kuna vitu vitatu: kipenyo, unene wa ukuta na shinikizo. Kipenyo huwezi kukirudisha kwa juhudi zako. Unene wa ukuta nao huwezi kuuongeza. Kilichobaki mkononi mwako ni kimoja tu, shinikizo. Ndiyo maana nasema ufuatiliaji si kusubiri kwa kukunja mikono. Daktari anapima kipenyo, wewe unashughulikia presha.

Tahadhari moja: aota halisi si bomba la chuma. Imepinda, ina matawi, na ukuta wake haulingani kila mahali. Hesabu hii ni ya kuelewa, si ya kujipimia nyumbani ukaamua upasuliwe au usipasuliwe.

3. MBONA WANASUBIRI? SI WAPASUE TU?

Hili ndilo swali linaloulizwa sebuleni: "Kama wameshaona tatizo, wanangoja nini? Au kwa vile sisi wageni?" Hapana ndugu, hapa ugeni haumo. Kusubiri kumefanyiwa utafiti.

Hapa Uingereza, katika miaka ya 1990, watu 1,090 wenye umri wa miaka 60 hadi 76 na anyurizimu ndogo za tumboni, kati ya sentimita 4.0 na 5.5, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema, lingine likafuatiliwa kwa altrasaundi na kupasuliwa ikihitajika tu. Matokeo yalitolewa mwaka 1998: waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya waliofuatiliwa. Wamarekani nao walifanya utafiti kama huo kwa wanajeshi wastaafu 1,136, na mwaka 2002 wakafikia jibu hilo hilo. Upasuaji una hatari zake, na mshipa ukiwa bado mdogo hatari hizo hazina faida ya kuzifidia.

Ndipo mpaka wa sentimita 5.5 ulipopatia nguvu. Mpango wa kupima wanaume wa England ulianza kusambazwa mwaka 2009 na ukaenea kote mwaka 2013. Kwa utaratibu uliowekwa tangu hapo, mwenye sentimita 3.0 hadi 4.4 hupimwa kila mwaka, mwenye 4.5 hadi 5.4 kila miezi mitatu, na mwenye 5.5 au zaidi hupelekwa kwa bingwa wa upasuaji wa mishipa. Barua yako ndiyo yenye kauli ya mwisho kuhusu tarehe zako. Wanawake hawaitwi katika mpango huo kwa kuwa tatizo ni adimu zaidi kwao, lakini likiwapata mshipa wao hupasuka ukiwa mdogo kuliko wa wanaume, kwa hiyo madaktari wengi huanza kuzungumzia upasuaji kwenye sentimita 5. Kule Marekani, ushauri wa kitaifa ni kumpima mara moja mwanamume wa miaka 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta sigara.

Tukiwa kwenye historia, kuna mwanafizikia mmoja ambaye sote tumesoma kazi zake. Mwaka 1948 Albert Einstein alipasuliwa tumbo mjini New York, na daktari Rudolf Nissen akakuta anyurizimu kubwa kama balungi. Siku hizo hapakuwa na mshipa wa kubandika. Nissen aliizungushia selofeni, ile karatasi angavu ya kufungia vitu, ili mwili ujenge kovu kuizunguka na kuitia nguvu. Einstein aliishi zaidi ya miaka sita baada ya hapo, akiendelea na kazi na matembezi yake mjini Princeton. Mshipa ulipasuka Aprili 1955. Alipoambiwa kuhusu upasuaji alikataa, na akafariki tarehe 18 mwezi huo akiwa na miaka 76. Leo angekuwa na njia nyingine. Mwaka 1990, mjini Buenos Aires, daktari Juan Parodi alianza kupitisha mrija mpya kutokea kwenye mshipa wa paja na kuufungua ndani ya aota iliyotanuka. Bomba ndani ya bomba! Fundi yeyote wa mabomba chakavu angeipigia makofi kazi hiyo.

4. KUKAA NAKO KUNA GHARAMA YAKE

Namjua mzee mmoja wa jumuiya yetu, dereva wa basi mstaafu, ambaye alikutwa na sentimita 4.1. Kabla ya barua ile alikuwa akienda msikitini kwa miguu na kurudi, na Jumamosi sokoni. Baada ya barua, wanawe kwa mapenzi yao wakaziba kila njia. Msikitini akawa anapelekwa kwa gari. Sokoni akakatazwa. Ukimwamkia shikamoo alikuwa anaitikia kutoka kwenye kiti kile kile mbele ya televisheni. Siku moja aliniambia, "Wameniweka kabatini kama sahani za wageni."

Baada ya miezi kadhaa mkanda ulikuwa umesogea matundu mawili, na presha iliyokuwa ikicheza kwenye 130 na kitu sasa ilikuwa inasoma 150 na kitu. Rudini kwenye kanuni yetu. Wanawe walitaka kuupunguzia mshipa mzigo, kumbe wameuongezea. Alipokwenda kupimwa, muuguzi akamuuliza kama anatembea. Akajibu amekatazwa. "Na nani?" Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hakuna daktari aliyewahi kusema neno hilo.

Siku hizi anatembea hadi bustani ya mtaani na kurudi, binti yake pembeni. Binti anasema, "Baba, pole pole." Naye anajibu, "Mwanangu, nikienda pole zaidi ya hapa nitakuwa nimesimama." Kipimo chake kijacho kiko miezi michache mbele, na hakuna anayejua kitasoma nini. Lakini presha imeanza kushuka, na mzee amerudi kuwa mzee wetu.

Je, kuna ushahidi zaidi ya mzee mmoja? Upo. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2014 kutoka Stanford, California, watu 140 wenye anyurizimu ndogo za tumboni waligawanywa makundi mawili: moja likafanya mazoezi kwa mpango, lingine likaendelea na huduma ya kawaida, kwa muda uliofika miaka mitatu. Waliofanya mazoezi walipata nguvu na pumzi zaidi, na mishipa yao haikutanuka kuliko ya wenzao. Na kwa watu wenye presha ya kupanda, mazoezi ya kutembea na mengine ya pumzi, yakifanywa kwa kudumu, hushusha namba ya juu kwa kama 5 hadi 8. Hicho si kitu kidogo.

5. MAZOEZI GANI, NA YAPI TUYAKWEPE?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Si kila zoezi ni sawa. Kuna mwendo unaopandisha presha kiasi, kisha ukiisha presha inatulia chini kuliko ilivyokuwa. Na kuna kujikaza kunakoifyatua presha juu kwa ghafla.

Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwawekea wanyanyua vyuma watano kipimo cha presha ndani ya mshipa wa mkono, wakawaambia wanyanyue. Walipokuwa wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili, wastani wa presha ulifika 320 kwa 250. Mmoja wao alipita 480 kwa 350! Hao walikuwa vijana wenye mishipa mizima, na presha ilishuka mara walipoacha. Lakini iweke namba hiyo kwenye kanuni yetu pamoja na aota ya sentimita 5 uone.

Sababu kubwa ni kubana pumzi. Ukikibeba kitu kizito huku umefunga koo na kukaza tumbo, shinikizo la kifuani na tumboni linapanda na damu inasukumwa kwa nguvu. Kwa hiyo kanuni ya mkono ni hii: kama huwezi kukiinua kitu bila kubana pumzi au kuguna, basi ni kizito mno kwako. Huhitaji mzani.

Yanayofaa kwa wengi ni haya:

- Kutembea kwa mwendo wa kuchangamka, kuendesha baiskeli pole pole kwenye njia tambarare, kuogelea bila mashindano.
- Lengo ni dakika 30 hadi 60, walau siku 3 au 4 kwa wiki, presha ikiwa imedhibitiwa. Aliyekaa muda mrefu aanze na dakika 10 mara mbili kwa siku, aongeze kidogo kidogo kila wiki.
- Dakika 5 za mwanzo na 5 za mwisho ziwe za pole pole. Usisimame ghafla.
- Tumia kipimo cha mazungumzo. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko pazuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.
- Vyuma vyepesi vinaruhusika kwa wengi, mradi unatoa pumzi unapoinua na kuvuta unaposhusha, na unaacha kabla hujachoka kabisa.

Ya kukwepa:

- Kunyanyua vyuma vizito, pushapu mpaka mikono itetemeke, na kujikaza muda mrefu katika mkao mmoja.
- Kuvuta kamba kwenye siku ya michezo ya jumuiya. Hata kama timu yenu inashindwa!
- Raga, ndondi, mieleka, na mbio fupi za kufyatuka.
- Kusukuma gari lililozima.

Na tusisahau kazi zetu za kila siku huku ughaibuni, maana wengi hawaendi jimu kabisa lakini wananyanyua vyuma bila kujua. Gunia la mchele la kilo 20 kutoka duka la Waasia, kulipandisha ghorofa ya tatu, hicho ni chuma. Mabegi mawili ya kilo 23 siku ya safari ya nyumbani, kuyatupia juu ya mizani ya uwanja wa ndege, hicho nacho ni chuma. Nunua mchele wa kilo 5 mara nne. Tumia toroli. Vijana mpo, bebeni. Heshima kwa mzee iko kwenye begi, si kwenye kumkataza kutembea.

Hata chooni kuna somo. Kujikaza kwa sababu ya choo kigumu ni kubana pumzi kule kule. Maharage, mboga za majani, matunda na maji ya kutosha ni sehemu ya mpango.

Wakati wa baridi kali presha huelekea kupanda, basi vaa vizuri au katembee ndani ya maduka makubwa. Hakuna atakayekudai ununue kitu.

Angalizo: mwenye anyurizimu iliyokaribia kiwango cha upasuaji, mwenye ya kifuani, au mwenye ugonjwa wa moyo pamoja nayo, apate mipaka yake kutoka kwa daktari kwanza ndipo aanze.

6. VIJANA WA KIKAPU NA WAVU, HILI NI LENU

Msidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao. Aota ya kifuani inaweza kutanuka kwa kijana kwa sababu ya kurithi. Mfano unaojulikana zaidi ni ugonjwa wa Marfan, ambao hulegeza nyuzi zinazoshikilia mwili. Dalili zake za nje ni urefu mwingi, mikono mirefu kupita kiasi, vidole virefu vyembamba, kifua kilichobonyea au kutokeza, na mara nyingi macho yasiyoona mbali. Yaani sura ile ile tunayoitafuta tunapounda timu ya kikapu!

Flo Hyman, Mmarekani mweusi aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora wa mpira wa wavu duniani, alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Tarehe 24 Januari 1986, akiwa na miaka 31, alitolewa uwanjani kupumzika katika mechi huko Matsue, Japani, akaketi kwenye benchi, akaanguka. Aota yake ilikuwa imechanika kwa sababu ya Marfan, na hakuna aliyekuwa amejua kwamba anao. Kama sura hiyo niliyoitaja ni yako, au katika ukoo wenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, mwambie daktari wako kabla ya msimu kuanza. Moyo na aota vitapigwa picha. Usingoje barua ya miaka 65.

Na kwa wahandisi wenzangu, lipo jambo la kutia moyo. Tal Golesworthy, mhandisi Mwingereza mwenye Marfan, aliambiwa aota yake inahitaji upasuaji mkubwa. Akawauliza madaktari swali la fundi: kwa nini tusilivishe bomba koti kwa nje? Kwa picha za MRI na programu za kuchorea mitambo walitengeneza mfano halisi wa aota yake, kisha wakafuma koti la wavu linaloienea kama soksi. Mei 2004, katika hospitali ya Royal Brompton, London, yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuvishwa. Wazo la Nissen na selofeni yake likarudi likiwa na vipimo vya milimita.

7. MAMBO MENGINE YA KUANGALIA

Sigara: acha. Mshipa wa mvutaji hutanuka haraka kuliko wa asiyevuta.

Dawa za presha: meza kama ulivyoandikiwa. Miongozo mingi hulenga presha iwe chini ya 130 kwa 80, lakini daktari ndiye atakayekuwekea namba yako. Wanaofunga Ramadhani wazungumze naye mapema kuhusu saa za kumeza. Dawa isiachwe kimya kimya.

Sipro: wengi tunaijua siprofloksasini kama dawa ya tumbo ya kununua dukani ukiwa likizo nyumbani. Mwishoni mwa 2018 mamlaka za dawa za Uingereza na Marekani zilitoa onyo kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya aota kutanuka zaidi au kuchanika. Mwenye anyurizimu amtajie kila daktari na kila mfamasia hali yake kabla ya kupewa dawa ya bakteria.

Kulinganisha vipimo: altrasaundi mbili zinaweza kutofautiana milimita chache hata mshipa haujabadilika, hivyo kutoka 4.1 kwenda 4.2 si msiba. Tena mpango wa England hupima kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani, na kwingine hupima nje hadi nje, ambako hutoa namba kubwa zaidi kwa mshipa ule ule. Kama baba alipimwa Muscat au Dar es Salaam kisha akapimwa Leicester, uliza walivyopima kabla hamjapigiana simu za kilio.

8. DALILI ZA HATARI

Maumivu makali ya ghafla ya tumbo, mgongo au ubavu. Maumivu ya kifua au katikati ya mabega kama kitu kinachanwa. Kuzirai, jasho la baridi, kupauka ghafla. Hapa hakuna kutembea, hakuna kulala uone kama itapita, wala kusubiri GP afungue. Piga 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman, na useme neno lenyewe: "Ana anyurizimu ya aota." Neno hilo linaokoa muda. Liandikwe kwenye karatasi ndani ya pochi ya mzee.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika kanuni ya mkazo kuna vitu vitatu. Kipi kiko mikononi mwa mgonjwa?
2. Kwa nini kutembea dakika 30 si sawa na kubeba gunia la kilo 20 kwa dakika moja?
3. Baba yako amesoma 4.3 hapa na 4.6 ng'ambo. Utauliza nini kabla ya kuogopa?
4. Nani katika timu yenu ya kikapu anapaswa kumwona daktari, na kwa nini?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hatuwezi kuuziba wenyewe, lakini tunaweza kupunguza maji yanayousukuma. Jumapili hii, badala ya kumpigia mzee simu kumwambia akae, mpigie umuulize mtatembea saa ngapi. Kama yuko mbali, tembeeni kila mtu kwake huku mnaongea. Na akiweza kumaliza sentensi zake, jueni mwendo ni mzuri.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda. Mitihani mema.